Aika Huonja Kwanza

Jumatatu, 7 Juni 2004

Ukungu tangu asubuhi. Nimekata majani ya ng'ombe, nimekamua, nimepika mtori. Mama kaja na chupa nyingine ya dawa ya Upendo, mtoto wa kaka: mizizi iliyochemshwa, chungu hata kwa kunusa. Eti inafungua ulimi. Wifi yangu Aika akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamimina bakulini na kunywa yeye kwanza. Kisha akangoja tumbo liseme. Lilisema. Ameshinda njia ya chooni.

Mama kanuna. Kuonja dawa yake ni kama kumwita mchawi. Aika akamwambia taratibu: "Mama, pombe ya mbege ikitolewa, anayetoa ndiye huonja kwanza. Anayempa Upendo dawa ni mimi."

Nilicheka hadi nikashika mlango.

Jumatano, 9 Juni

Upendo ana miaka sita na hajawahi kuniita shangazi. Hamtazami mtu usoni. Kelele kidogo tu, anaziba masikio na kulia mpaka anaishiwa pumzi. Daktari wa mjini alisema ni usonji. Kazaliwa nao, hakurogwa, na dawa ya kuuondoa hakuna. Kaka Eliamani alitoka pale amekasirika utadhani daktari ndiye aliyemwambukiza mwanawe.

Tangu hapo kila mwenye mdomo ana tiba. Asali. Mafuta ya kondoo. Majani ya kuogea. Maombi ya kufunga. Aika amelamba, amejipaka, ameoga, amefunga. Lisilodhuru humpa mtoto, akaangalia kama linamsaidia. Linalodhuru humwaga kwenye migomba, bila kumsimanga aliyelileta. Mimi ningemsimanga mpaka getini.

Jumapili, 13 Juni

Kanisani kwaya ilipoanza, Upendo naye akaanza. Aika akatoa kanga, akamfunga mgongoni, akakaza kweli kweli. Kimya. Akasimama hivyo hadi baraka. Wanawake wakasonya: mtoto ana meno yote anabebwa mbeleko!

Hakuna aliyemfundisha. Aliona Upendo akijibana kati ya ng'ombe na ukuta wa banda, anatulia humo, akajua mwili wa mtoto unataka kubanwa. Ng'ombe huyo namkamua mimi kila siku. Mimi niliona utundu tu.

Watu husema wifi hapendwi. Nimejaribu kumchukia, nimeshindwa.

Alhamisi, 17 Juni

Kaka karudi kutoka kuwapandisha watalii mlimani. Kasikia kuwa huko Kwa Sadala kuna fundi wa kukata kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia kooni. Eti ndiyo inayomzuia mtoto kusema. Fundi anakuja Jumamosi.

Naogopa. Mtoto wa jirani alikatwa, damu ikakataa kukatika, nusura wamzike. Nikamkumbusha kaka. Akasema sina mtoto, nisimfundishe kulea. Imeniuma sana. Ila najua si mkatili. Anatamani kuitwa baba, basi.

Aika hakubishana. Aliendelea kumenya ndizi. Nilitaka apige kelele. Nilimkasirikia.

Jumamosi, 19 Juni

Fundi alikuja na chuma chenye ncha iliyopinda, kimefungwa kwenye kitambaa. Kaka akamwita Upendo. Kabla mtoto hajatoka, Aika akaweka kigoda uani, akakaa yeye, akatandika kitenge mapajani.

"Anza na mimi," akasema. Akafungua mdomo.

Fundi akadhani utani. Kaka akamwambia inuka. Hakuinuka. Machozi yalikuwa yanamtoka. Aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Fundi akasema haya, kazi ni kazi, akamshika taya. Chuma kikaingia. Aika akakakamaa mwili mzima, mikono imeng'ang'ania kigoda.

Kabla hakijakata, kaka akamdaka fundi mkono. "Acha. Mke wangu huyo."

"Na mtoto je?" fundi akauliza.

Kaka akamtazama Upendo, aliyekuwa amejibana kwenye mlango. Kisha akasema, "Nenda salama, mzee." Fundi akaondoka na mkungu wa ndizi, akinung'unika hadi barabarani.

Aika akasukutua, akaenda kuchota maji. Kama vile hakuna kitu. Sijaona mtu jasiri kama yule katika ukoo wetu, na sisi tuna wanaume wanaopanda hadi kileleni. Nimelia jikoni. Si kwa huzuni.

Jumatatu, 21 Juni

Kaka amefyeka magugu ya kihamba chote, shamba letu la migomba, peke yake.

Jumanne, 29 Juni

Jua limetoka. Upendo hajasema neno.

Jioni lori lilipita na muziki, mtoto akaanza kulia. Aika alikuwa mferejini. Kaka akakaa sakafuni karibu naye, asimguse. Baada ya muda Upendo akashika mikono miwili ya baba yake, akaiweka kichwani mwake mwenyewe, akaikandamiza. Kaka akabana. Kilio kikapungua, kikaisha.

Aika aliporudi, kaka akamwuliza kwa sauti ya chini abane mpaka lini.

"Mpaka yeye akuachie."

Aika akakaa nao. Nami nikakaa. Nilikuwa nimeinjika maziwa motoni. Nikayasikia yanafurika na kuzima moto. Sikuinuka.