Kwa Kaka Anayemnyanyua Namba Tano

Kaka yangu wa jezi namba tatu,

Jumamosi ulipopiga simu ukaniuliza mbona nimenyamaza, nikasema ni mtandao. Haukuwa mtandao. Siku hiyo mtandao ulikuwa safi, hata ulivyomeza mate nilisikia. Nilikuwa na wivu, na wivu hausemeki kwenye simu wakati Mama ameweka spika. Ndiyo maana nakuandikia.

Unalikumbuka bani letu, lile banda la kukaushia tumbaku? Bado lipo, limezidi kuegemea upande wa mahindi. Msimu wa kukausha tumbaku, Baba na Mama walikaa nje wakishona majani kwenye vijiti, wewe ukivipokea, mimi nikipanda kuvipanga ndani. Safu ya juu kabisa, ile ya chini ya bati, sikuifikia. Ukabuni mtindo wako. Ulinishika juu kidogo ya magoti, ukasema, "Kaza miguu, usilegee kama uji," halafu ukaita, "Hejuru!" Na mimi huyo, juu. Ni Kirundi tu cha nyumbani, maana yake hiyo hiyo, juu. Hapa kwetu Katumba wote wanalisema. Lakini mle gizani, na harufu ile ya majani, lilikuwa neno letu wawili.

Unajua mimi siongei. Shuleni mwalimu akikaribia kunitaja nainamia dawati mpaka amchague mwingine. Kiswahili ninacho, Kiingereza ninacho, mdomo ndio unagoma. Kule juu haukugoma. Uso wangu hauonekani, na wewe umenishika, huwezi kuondoka. Niliongea mpaka ukalalamika: "Wewe, pachika kijiti, mikono inaniuma! Hadithi utamalizia chini." Chini sikuwahi kumalizia hata moja.

Kule juu ndiko nilikokwambia sitaki uende, mwaka ule shangazi aliposema atakuchukua ukasome kwake Ufaransa. Ulinishusha taratibu, ukanipangusa vumbi puani, ukasema, "Nitarudi kukunyanyua."

Basi ukaenda, wakaona mabega yako, wakakupa mpira wenye umbo la yai. Baba aliposikia timu yako inacheza raga daraja la pili, akawaza tumbaku. "Daraja la pili si baya," akasema, "mnunuzi halikatai." Msimu huu wote mimi ndiye nimekuwa redio ya nyumba. Mnacheza Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi nawasomea matokeo wakinywa chai. Mlipoanza ulikuwa benchi. Ilipofika baridi mkafungwa, mkafungwa tena, ukatuma picha ya sikio limevimba kama uyoga na Mama akagoma kula. Mpaka hapo nilikuwa upande wako, kaka. Naapa.

Halafu ukatuma ile video. Mpira umetoka nje, mnajipanga mistari miwili, mtu anaurusha katikati. Wewe ukainama, ukamshika lile jitu la ndevu nyekundu, jezi namba tano, juu kidogo ya magoti. Ukalipeleka juu.

Mama akasema, "Sasa mtu mrefu hivyo ananyanyuliwa ya nini?"

Baba akasogeza simu karibu na macho. "Ee! Si ndivyo alivyokuwa anambeba huyu banini?"

Wote wawili wakageuka kunitazama. Nikatoka nje kuangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Baadaye niliirudia peke yangu, spika za masikioni nimezisukuma mpaka ndani. Kabla hajaruka, yule namba tano alipiga kelele. Alisema "Hejuru!" Kwa lafudhi mbaya, lakini alisema. Na wewe ukaniandikia, "Nimewafundisha wote! Wapinzani hawaambulii kitu!" Nikakutumia vikatuni vitatu vya kucheka. Sikuwa nacheka.

Tangu siku hiyo namjua namba tano kuliko wanafunzi wa darasani kwangu. Najua akifungwa bandeji kichwani amechoka. Najua akishuka anakupiga kofi la mgongo, na wewe unatabasamu. Anakaa juu muda wa kupepesa jicho tu. Anakwambia nini? Hata kijiti kimoja hajawahi kupachika.

Na mimi? Msimu huu safu ya juu imekaa tupu. Elia, wa jirani, yule mliyekuwa mkigombania baiskeli, alikuja kutusaidia. Akanyoosha mikono. "Njoo nikurushe, binti, tumalize twende zetu."

"Sitaki."

"Sikuangushi bwana! Mimi si nina nguvu kuliko kaka yako? Yeye anacheza na mayai huko."

Baba akauliza kwa nini safu nzima ikae bure. Nikasema naogopa kizunguzungu. Mimi, kizunguzungu! Sikutaka mikono mingine, basi.

Sasa mechi ya mwisho. Ulitueleza vizuri: mkifungwa mnashuka daraja, timu haiwezi kukubakiza, unarudi nyumbani, na msimu ujao wa kukausha utakuwepo. Mkishinda mnabaki, na wewe unasaini miaka mingine miwili. Baba na Mama walikuombea ushindi. Mimi pia nilipiga magoti kando yao. Sikuomba walichoomba.

Jumamosi tukaangalia marudio, matokeo sijayafungua makusudi. Dakika za mwisho mko nyuma, mvua, matope, siwatofautishi tena. Moyoni nasema, haya, basi, anarudi. Mpira ukatoka nje karibu kabisa na mstari wa wapinzani. Mkajipanga. Nikakusikia wewe mwenyewe, siyo yeye. "Hejuru!"

Kaka, miguu yangu ilikaza. Nimekaa kwenye mkeka, magoti yakanyooka yenyewe, nikampiga teke Baba na kikombe chake cha chai. Namba tano akadaka, mkasukumana wote kama ng'ombe zizini, mkaangukia na mpira ng'ambo ya mstari, pointi zikawapa ushindi. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Baba, suruali imelowa chai, akasema, "Basi amebaki." Akalirudia mara ya pili, polepole. Watu walidhani nalia kwa furaha, nikawaachia wadhani.

Ndipo ukapiga. "Mmeona nilivyomrusha?"

Tumeona. Ulimrusha vizuri. Ulimshusha vizuri pia, taratibu, mguu mmoja kwanza, kama mimi, na hilo ndilo limeniuma kuliko ushindi wenyewe.

Saini hiyo miaka miwili. Nimekasirika bado, lakini saini. Neno letu mwachie alitumie uwanjani, ila usimfundishe lingine. Elia nitaendelea kumkatalia, na Baba ataendelea kuguna.

Ukirudi nitakuwa nimemaliza kidato cha nne, na sitakuwa kale kasichana. Tayari gauni la kanisani limenibana. Lakini nimesoma kwenye ukurasa wa timu yenu kwamba namba tano ana zaidi ya kilo mia. Kwa hiyo siku hiyo ukisimama banini ukanyoosha mikono, usije ukathubutu kuniambia nimekuwa mzito.

Lala vizuri huko kwenye baridi, na sikio ulifunike.

Mdogo wako,
wa safu ya juu