Nguzo Yenye Ncha

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Kazi imeingia! Kikundi cha Njia ya Miguu cha Lambwe kinataka alama yake, na vibao vya kuelekeza wageni kutoka barabarani hadi mlimani. Mwenyekiti wao, Bwana Mayaka, amekuja dukani kwa Mama. Ameniangalia juu chini. Fundi wa rangi ni wewe, Idil? Ni mimi. Akauliza tena. Wanaume! Ijumaa mimi naswali, Jumamosi yeye Msabato yuko kanisani. Tutabanana na siku zilizobaki.

Alhamisi, 8 Agosti

Alama imepita: mlima wa kijani wenye kilele chembamba, na njia nyeupe inayoupanda. Nguzo nazo nimezichonga ncha juu — zifanane na mlima, na maji ya mvua yasikae yakaozesha mti. Leo najisifu, basi!

Mama hakutazama hata. Alikuwa anamimina chai, na kikombe cha kaka yangu Abdullahi pia. Kaka alienda kutafuta ng'ombe ng'ambo ya mpaka wa Isebania, mwaka wa tatu huu. Chai inapoa, Mama anaimwaga, kesho tena. Mimi naosha kikombe ambacho hakikunywewa. Nimechoka kukiosha.

Jumatatu, 12 Agosti

Nguzo zote zimesimama. Ya mwisho iko pale njia inapokata kushoto, karibu na nyumba tupu ya nyasi. Mayaka alikuwa amebaki nyuma na wenzake, nikaikita mwenyewe. Udongo laini, kibao kinaonekana toka mbali. Nilipogeuka, mama mmoja mzee alikuwa amesimama kwenye mahindi, mkono mdomoni. Nikamsalimu. Yeye akaitazama nguzo tu.

Jumatano, 14 Agosti

Balaa. Mayaka amekuja asubuhi, hata kukaa amekataa. Nyumba ile ni ya Odoyo, mvuvi. Mtumbwi wake ulipatikana Sindo ukielea mtupu. Mwili haukupatikana, basi ukoo wakazika tunda la yago mahali pake, kama ilivyo desturi yao. Halafu wakaondoa osuri, ile ncha ya mti inayosimama juu ya paa. Osuri ikiwepo, mwenye nyumba yu hai.

Na mimi nimekwenda kumsimamishia ncha mpya! Ukitazama kutoka kwa mama yake, kule chini, nguzo yangu inatokea juu ya paa kabisa.

Min Odoyo — mama yake Odoyo, yule mzee wa kwenye mahindi — hakulikubali lile yago hata siku moja. Sasa amefagia nyumba, amepika, amehamia humo. Anasema jioni anasikia mtu akikung'uta miguu mlangoni. Watu wa kikundi wanaogopa kupita. Wazee wametoa neno: mkono uliokita ndio ukate. Mbona hukuniambia mapema? nikamuuliza Mayaka. "Si hata mimi ni mtu wa kuja!"

Naogopa. Si mzimu ninaoogopa, ni uso wa yule mama.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimefika na msumeno. Min Odoyo amenishika mikono yote miwili. "Nyathina, mtoto wangu, ni wewe ulileta hii mti? Erokamano. Asante sana."

Nikamwambia nimekuja kuiondoa. Akautazama msumeno.

"Uko na ndugu?"

Niko naye.

"Iko wapi?"

Safarini.

"Mlizika yeye?"

Hapana! Nimepiga kelele mpaka nikaona haya.

"Kula kwanza," akasema. "Halafu ukate."

Sufuria ya samaki, sahani tatu. Moja ameifunika. Ameenda nyuma kutafuta chumvi, naandika upesi kabla hajarudi. Humu mnanuka moshi na mafuta ya taa. Nitakata. Nikishakula tu, nitakata.

Kuna mtu anakung'uta miguu mlangoni. Si yeye, namsikia kule nyuma akifukuza kuku. Atakuwa Mayaka. Lakini Mayaka hupiga hodi.

Huyu hapigi.

Nimeifunua ile sahani. Nimeita, na jina lililonitoka si Odoyo