Omubisi Niliompa Mjomba Wako

Koku mjukuu wangu,

Huku Kishanda tupo, ila babu yako anakohoa na upepo umeangusha migomba. Umeniuliza kama ningekuwa wewe ningekubali madaktari wajaribu kukuwekea vifuko vyenye seli za kutengeneza insulini, vifuko vya kuzikinga ili mwili usizishambulie. Ngoja nikusimulie habari za mjomba wako Kaijage.

Vita vya hapa mpakani vilikuwa vimepita, na ukimwi ulikuwa unamaliza watu. Kaijage wangu, wa miaka saba, akakonda ghafla, akawa anakunywa maji bila kutosheka. Jirani akaninong'oneza, "Mama Kaijage, ni ugonjwa ule. Ukimpeleka hospitali, utatangazwa."

Nikamficha ndani wiki mbili. Kila alipolia kiu nilimpa omubisi, juisi yetu ya ndizi mbivu, apate nguvu.

Nilipompeleka, hata mimi alikuwa hanitambui. Nesi akapima mkojo. "Mama, ni kisukari. Ulikuwa unampa nini?"

Mimi nikapiga vigelegele. Kumbe si ukimwi! Nesi alinishika mkono mpaka nikanyamaza.

Walimchoma insulini, lakini alifariki kesho yake. Dawa ilikuwepo, Koku. Kilichomchelewesha ni mimi kuogopa jibu.

Hivyo vifuko sivijui, ila natamani mno vikufae kwa hicho kisukari chako. Kawaulize kila unachokiogopa, hata visipofanya kazi itakuwaje. Wakishakujibu, nipigie siku hiyohiyo, jibu liwe zuri au baya.

Bibi yako anayekuwaza,
Mama Kaijage