Taa za Jumamosi

Jumatatu, 11 Februari 1974

Fundi hakuja. Juzi hakuja kwa sababu ilikuwa Sabato na Tata, baba yangu, asingemfungulia. Jana hakuja kwa sababu ilikuwa Jumapili, naye ni Mkatoliki. Leo ni Jumatatu, siku isiyo na mwenyewe, na bado hakuja.

Nimefyeka mfereji tena. Nyasi hizi zinaota makusudi. Gurudumu la maji liko tayari tangu kabla ya Krismasi, Tata alilichonga mwenyewe kwa mbao za mkaratusi. Dainamo ya lori kuukuu imefungwa ndani ya kibanda cha mabati kando ya mto. Betri imekaa chini ya benchi sebuleni kama mgeni aliyekataa chakula. Kilichobaki ni nyaya tu. Nyaya!

Niandike kwa nini naumia, maana hakuna wa kumwambia. Tangu nimalize kidato cha nne sina kazi ila kuchuma chai. Nataka kuwafundisha kina mama wa hapa Ikonge kusoma. Mbele yao siogopi, walinibeba mgongoni. Mama yangu ndiye wa kwanza aliyeniomba. Anataka kusoma Biblia bila kungoja mdomo wa mtu mwingine. Mchana wako kwenye chai. Jioni wanangoja lori la majani kituoni mpaka giza linawakuta. Ni Jumamosi tu, Sabato ikishafungwa, ndipo wana nafasi. Lakini Tata hataki koroboi za watu ndani ya nyumba yake. Nyumba ya jirani iliungua kwa koroboi. Neno lake ni moja: taa ya umeme ikiwaka, darasa lipo. Isipowaka, naenda Keumbu kwa shangazi kuuza vitambaa.

Siwezi kuuza vitambaa. Mtu nisiyemjua akiniuliza bei, nanyamaza.

Jumatano, 13 Februari

Amekuja! Anaitwa Fundi Ouma. Kwao ni upande wa ziwa, kazi yake iko kwenye gereji moja Nyamira. Kwa ajili yake tumesema Kiswahili nyumbani kutwa nzima, hata Mama, ambaye Kiswahili chake ni "karibu" na "kula".

Ameunganisha nyaya kutoka kibandani mpaka kwenye betri, na kutoka kwenye betri mpaka kwenye balbu. Akafungua mfereji. Gurudumu likaguna, likazunguka. Balbu ya sebuleni ikawaka mchana kweupe. Mama alifunga madirisha yote ili aione vizuri.

"Mzee, kazi imekwisha," Fundi akamwambia Tata. "Mto haulali, basi na betri yako haitalala na njaa."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Kisha akanigeukia. "Na wewe dada mdogo, nani amekumeza ulimi?" Nikakimbilia jikoni. Najichukia.

Ijumaa, 15 Februari

Siku ya maandalio. Nimechota maji, nimepasua kuni, nimepika vya kesho. Jua lilipokaribia kuzama Tata akateremka mtoni. Nilidhani anakwenda kufunga mlango wa kibanda. Kumbe alifunga mfereji, akaingia ndani, akauvua mkanda unaounganisha gurudumu na dainamo, akautundika kwenye msumari. Polepole, kama anamvua ng'ombe nira. Amri inasema usifanye kazi wewe, wala mwanao, wala ng'ombe wako. Dainamo inafanya kazi. Basi nayo ipumzike. Umeme wa kesho umo ndani ya betri tayari, akasema, kama mana ya siku ya sita.

Nimeona ni vizuri. Kwetu kila kitu hupumzika, hata jembe.

Tumefungua Sabato chini ya taa. Sikuwahi kuziona nyuso zetu zote kwa wakati mmoja jioni. Kesho darasa.

Jumamosi, 16 Februari

Giza.

Kina mama walijaza benchi. Mama Bosibori, jirani yetu mwenye mdomo, alikuja na kigoda chake. Tata akafunga Sabato kwa maombi, akabonyeza swichi. Hakuna kitu. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama swichi ni kiziwi. Akashuka mtoni kurudisha mkanda. Balbu ikatoa wekundu kidogo ndani, basi.

"Kerubo, hii ni taa au ni yai viza?" akaniuliza Mama Bosibori.

Wote wakacheka. Hata Mama. Baadaye akaniomba radhi kwa macho. Wameondoka wameshikana mikono kwenye utelezi.

Aibu tupu. Sina neno lingine.

Jumanne, 19 Februari

Kinachoniudhi zaidi: gurudumu limezunguka tangu Jumapili na taa inawaka vizuri. Fundi alipofika aliikuta inang'aa. "Mmeniita kwa mgonjwa, mgonjwa mwenyewe anacheka!"

Hata hivyo alifungua vifuniko vya betri, akasema maji yamepungua, akaongeza. Tone la asidi likarukia leso ya Mama na kuitoboa. Sasa Mama anapita mbali na benchi lile, kama kuna nyoka chini yake.

Jumamosi, 23 Februari

Giza tena. Jana jioni iliwaka, leo imekufa.

Mama Bosibori anasema umeme wetu ni Msabato kweli kweli, umekwenda kanisani na haujarudi. Maneno hayo yatafika Nyamira kabla ya Jumatatu.

Jumatatu, 25 Februari

Shangazi amekuja kutoka Keumbu. Alinipima kwa macho kuanzia kichwani mpaka miguuni kama anataka kunikata vazi. Anasema duka limemzidi, na msichana mwenye kidato cha nne hawezi kukaa tu akifyeka mfereji. Tata amekubaliana naye. Wamepanga siku: Jumapili ya tarehe kumi, Machi. Taa isipowaka Jumamosi ya kabla yake, Shangazi anakuja kunichukua.

Mimi nilikuwepo. Hakuna aliyeniuliza. Nami sikusema. Mama aliendelea kuchambua chinsaga yake jani kwa jani, muda mrefu kuliko mboga ile ilivyohitaji.

Alhamisi, 28 Februari

Nimefikiri sana. Labda taa ya Ijumaa ndiyo inayomaliza umeme wa Jumamosi. Nimemwambia Mama, Mama amemwambia Tata. Ndiyo njia yangu ya kusema mambo. Tata amekubali. Kesho hakuna kugusa swichi.

Jumamosi, 2 Machi

Jana tumefungua Sabato gizani, tumeimba bila kuonana. Leo jioni Tata amebonyeza swichi.

Giza.

Walikuja kina mama wachache sana, na mmoja wao alikuwa amekuja kuazima chumvi.

Betri imekaa siku nzima bila kutumiwa na imekufa. Nani anaila? Mzee mmoja kanisani amemnong'oneza Tata kwamba ni wivu wa majirani. Tata amekasirika. Hataki habari za wivu, hataki habari za mkono wa mtu. Anataka taa iwake. Mimi pia nataka taa iwake! Nimechoka na kila mtu.

Jumanne, 5 Machi

Fundi amekuja na kuikuta taa inawaka. Bila shaka.

"Mzee, betri imezeeka," akasema.

"Jumapili mpaka Ijumaa ni kijana," Tata akajibu, "Jumamosi ndipo inazeeka?"

Fundi akakuna kichwa. Akaomba aje Jumamosi auone ugonjwa kwa macho yake. Tata akasema Sabato hakuna fundi anayeingia kwake na spana. Basi Jumapili asubuhi? Jumapili Fundi ana misa. Basi Jumatatu. Jumatatu mgonjwa atakuwa amepona!

Wakaagana kwa heshima nyingi. Nilitaka kupiga kelele. Nikaenda kukunja nguo zangu.

Jumamosi, 9 Machi

Ni usiku sana. Naandika hivyo hivyo.

Kanisa letu liko ng'ambo tu ya mto. Baada ya chakula cha mchana wageni kutoka Nyamira waliomba wasichana waliomaliza shule waimbe wimbo maalumu. Nilitoroka. Nikavuka daraja la miti, nikapita kwenye migomba yetu, nikaketi kando ya mfereji ambapo hakuna mtu.

Nikasikia mvumo. Nikadhani nyuki wameingia kibandani. Mfereji ulikuwa umefungwa, gurudumu limesimama, mbao zake zimekauka. Mvumo ukaendelea. Nikafungua kamba ya mlango.

Mkanda ulikuwa kwenye msumari, pale pale Tata alipouacha. Na dainamo ilikuwa inazunguka. Peke yake. Bila maji, bila mkanda.

Nilirudi nyuma nikajigonga kwenye bati. Mawazo yangu ya kwanza sitayaandika hapa, Tata angekasirika. Kisha nikaigusa. Ya moto. Nikaufuata waya kwa macho, unapanda mlima mpaka nyumbani, mpaka kwenye betri. Nikakumbuka somo moja la fizikia ambalo niliogopa hata kuliulizia swali: dainamo ukiizungusha inakupa umeme, na ukiipa umeme inazunguka.

Betri ndiyo iliyokuwa ikiizungusha! Siku zote gurudumu huisukuma dainamo, nayo huilisha betri. Tata akimvua ng'ombe wake nira, umeme unarudi nyuma, na dainamo inaanza kulima bure, usiku kucha na mchana kutwa, mpaka betri inakauka. Kila Sabato. Sisi tulikuwa tunafunga mlango na kwenda kuimba.

Nikaushika waya. Nikauachilia. Kuung'oa ni kazi, na leo ni Sabato. Kuuacha ni Keumbu.

Nikarudi kanisani mbio. Tata alikuwa amesimama na wazee kwenye baraza. Nikamtafuta Mama ili amwambie. Alikuwa upande wa pili, amebeba mtoto wa mtu. Aliniona. Alijua nina neno. Hakuja. Aliniangalia tu.

Basi nikasema mwenyewe, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Tata, dainamo inafanya kazi siku ya Sabato."

Mzee wa kanisa akauliza, "Dainamo ya nani?"

"Yetu."

Wakateremka wote, na tai zao na viatu vya kanisani, katikati ya migomba. Wakabanana mlangoni. Mzee wa kanisa akavua kofia kama kwenye msiba.

"Imeanza lini?" akauliza.

"Tangu Februari," nikasema. Mtu mmoja nyuma akakohoa, lakini si kikohozi.

Wakaanza kubishana. Mmoja akasema iachwe mpaka jua lizame, kung'oa waya ni kazi. Mwingine akasema kazi inafanyika tayari, tena tumesimama tunaitazama. Nilimwona Tata akiuangalia mkanda wake msumarini. Alikuwa ameuvua kwa uaminifu kila Ijumaa, na hakuna aliyepumzika. Nilimhurumia kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze.

"Ng'ombe wangu ameanguka kisimani," akasema. Ni ng'ombe wa Injili, yule anayetolewa hata siku ya Sabato. Akainama na suti yake, akaung'oa waya kwa mkono wake mwenyewe.

Dainamo ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikanyamaza.

Jioni taa iliwaka. Hafifu, rangi ya chai ya maziwa. Nilikimbia mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaita kina mama. Wakasogea mpaka chini ya balbu, vichwa vikagusana. Tulianza na a, e, i, o, u. Mama Bosibori akasema o ni mdomo wa mchungaji akiimba. Nilicheka mbele ya watu. Tulikuwa tumefika kwenye m taa ilipozimika, na hakuna aliyetaka kuondoka.

Jumanne, 12 Machi

Shangazi alikuja Jumapili, akarudi Keumbu na mkungu wa ndizi badala yangu. Hakufurahi. Ndizi zilikuwa nzuri.

Leo amekuja Fundi. Amesikiliza, akajipiga paji la uso. "Katauti!" Ni kidude cha kukata umeme usirudi nyuma kutoka kwenye betri. Kila gari linacho. Kwetu hakukiweka.

"Mto haulali, Mzee. Nikaona katauti ya nini?"

"Mto ni wa Mungu," Tata akasema. "Dainamo ni yangu. Mimi hupumzika."

"Hukuniambia utaisimamisha."

"Hukuniuliza."

Wakatazamana. Mwezi mzima! Mimi na kina mama gizani, nguo zangu zimekunjwa, kwa sababu mmoja hakusema na mwingine hakuuliza. Nilitaka kuwakasirikia sana. Halafu nikakumbuka ninavyosema mambo yangu mimi.

Katauti italetwa Alhamisi, amesema Fundi. Ameapa.

Ijumaa, 15 Machi

Alhamisi ilipita. Fundi hakuja.

Mvua imenyesha mchana, mfereji umejaa. Nimemaliza kupika. Tata alisimama mlangoni akitazama jua, nikadhani anakwenda mtoni. Hakwenda.

"Kerubo," akasema, "kamfungue ng'ombe."

Nikateremka peke yangu. Nikafunga mfereji. Nikavua mkanda, nikautundika. Kisha nikaung'oa waya na kuuweka kando, mbali na bati. Nikakaa kidogo mlangoni nikasikiliza. Maji tu, yakipita.

Nilipopanda, Mama alikuwa jikoni anafuta mkaa vidoleni. Ukutani, juu ya mafiga, ameandika m. Imezidi miguu. Kesho, Sabato ikifungwa, nitamwonyesha mguu wa kupunguza.