Yaya wa Kwenye Mashua

Rayners Lane, London
14 Julai 1974

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai ulifika Mombasa salama na miguu haikuvimba safarini. Sisi hatujambo. Mjukuu wako Urmi anakuulizia kila akiamka.

Mama, kila siku nashika kalamu, kisha naiweka. Kwenye uwanja wa ndege sikuthubutu kukutazama. Siku ile tulipopanda mashua kwenda kuwatazama sili, wale wanyama wa baharini, ulimkalisha Urmi mapajani ukimwonyesha sili aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe mchangani. Ndipo Kokila akaniuliza huyu mwanamke wa Kiafrika ni nani. Kokila alikuwa amekuja kuutazama ukoo wetu, aone kama wifi yangu anafaa kuolewa na mwanawe. Nikamjibu kwa Kigujarati kwamba ni yaya wetu wa zamani. Mume wangu Mahendra alisikia, akageuka kutazama maji.

Naona haya hata kuliandika. Nisamehe.

Mwanao,
Madhu


Mombasa
2 Agosti 1974

Mwanangu Madhu,

Marahaba. Nilifika salama, miguu ni ile ile. Majirani wanakusalimu, wanataka kujua Ulaya kukoje. Nawaambia kuna baridi, na kuna sili, wanyama wanene wamejilaza kama watu waliotoka karamuni. Wanacheka. Mengine siwaambii.

Kigujarati ndicho nilichosema na marehemu baba yako ndoa yetu nzima. Ulidhani nimekisahau kwenye ndege? Nilisikia. Lakini linaloniuma si lako peke yako. Kokila aliponipa kikapu chake nimshikie, nilikipokea. Niliwamiminia chai. Nikampa mkono ashuke mashuani, akaniambia asante yaya, nami nikaitika. Nikikaa peke yangu naona aibu ya kuitika kule.

Mbusu mjukuu wangu.

Mamako


London
20 Oktoba 1974

Mama yangu,

Shikamoo. U hali gani? Sisi wazima, baridi imeanza.

Posa ya wifi yangu imekubaliwa, harusi ni Desemba. Mama, sijui niliandikeje hili. Kokila anakusifu kila tukikutana, adabu yako na chai yako. Anataka yaya aje asaidie jikoni siku za harusi, na nauli atatoa yeye. Mahendra anasema ni siku chache tu, mambo yakitulia tutasema ukweli. Nami nina hamu ya kukuona, Mama, hata kwa njia hiyo. Utakuja?

Mwanao,
Madhu


Mombasa
5 Novemba 1974

Madhu,

Sijambo.

Mwambie Kokila yaya amekufa. Mamako yu hai, sokoni anakwenda kwa miguu yake. Akitakiwa yeye, na aitwe kwa jina lake.

Mamako,
Mwanamwema


London
24 Novemba 1974

Mama,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali, lakini nakuuliza.

Nilimwambia Kokila kama ulivyosema, sikuongeza neno. Nikadhani yamekwisha. Jumapili akaja na watu wa nyumbani kwake wote, amebeba maua, akanishika mikono kunipa pole kwa ajili ya yule yaya wa kwenye mashua. Nami nikaipokea, Mama. Niliipokea pole ya kifo chako.

Urmi alikuwa mlangoni. Unamjua, lugha zetu anazisikia zote, kujibu ni kwa Kiingereza. Akauliza kama ni Bibi aliyekufa. Nikamwambia anyamaze. Alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, nikitaka kumshika ananisukuma.

Ndipo nikasema, sebule nzima ikisikia: "Bibi yako mzima. Yule wa kwenye mashua ni mama yangu, ndiye aliyenizaa." Kokila akaomba koti lake. Maua aliyaacha.

Wifi yangu amejifungia chumbani, Mahendra hasemi nami. Sikuandikii ili unisifu. Mtoto asingelia, ningeendelea kunyamaza, na hilo nalo linanitia haya.

Harusi huenda isiwepo. Njoo hivyo hivyo, Mama.

Mwanao wa kumzaa,
Madhu