Subhanallah Nisiyoisikia

Ijumaa, 26 Julai

Ekzosi mpya ya pikipiki imefungwa! Ile ya zamani ilikuwa na adabu mno. Nimeiwasha uani, paka wa jirani wakatoweka. Thuraya, mke wangu, akatokea mlangoni na unga mikononi, akauliza kama nakwenda Salala au nakwenda kutangaza vita. Nikacheka. Kesho alfajiri tunaondoka Maskati, pikipiki tano, kufuata manyunyu ya kharifu, msimu wa mvua wa huko Salala. Mimi ndiye mkubwa wao, basi natangulia.

Jumamosi, 27 Julai

Haima, nusu ya njia. Joto la kukaanga yai.

Tulipotia petroli Nizwa, Yaqdhan, ndugu wa mke wangu, alitoa vipira viwili vya sifongo, akavisokota, akavitia masikioni kabla ya kuvaa helmeti. Mbele za watu! Nikamwambia, shemeji, umekuja safari au umekuja kulala? Mundhir, mmoja wa wenzetu, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Yaqdhan hakukasirika. Alisema si ekzosi yangu tu, hata upepo ndani ya helmeti unakula masikio, na safari ni ndefu. Akanipa jozi nyingine. Nikaitupa kwenye pipa la taka, ili wacheke tena. Wakacheka.

Sasa masikio yanalia. Yiiiii — kama mdudu kajifungia ndani. Nikilala yatanyamaza.

Jumapili, 28 Julai

Hayakunyamaza.

Adhuhuri tulisimama kwenye kimsikiti cha barabarani kabla ya Thumrait. Wakanisukuma mbele kama kawaida, niwaswalishe. Kwetu msafiri huswali rakaa mbili tu, si nne, mtoto wa chuoni analijua hilo. Mimi nikainuka kwa ya tatu! Nyuma wanasema Subhanallah, kumzindua imamu aliyekosea. Mimi sisikii kitu ila yiiiii. Nikaenda mpaka ya nne. Natoa salamu, nageuka — wote nyuso chini, pamoja na dereva mmoja wa lori aliyejiunga nasi.

Mundhir akasema wamenikumbusha mara chungu nzima, na yule dereva karibu apige kelele. Na mimi nikafanya nini? Nikawakaripia! Nikasema wamenong'ona kama maharusi.

Halafu Yaqdhan akasema taratibu, "Kweli, shemeji. Tulinong'ona."

Dereva akamtazama kwa mshangao. Yaqdhan akamkanyaga mguu kidogo — nilimwona. Tukarudia swala, dereva akiwa imamu.

Nimemcheka mbele za watu, naye amenisitiri mbele ya watu wale wale. Naona haya hata kuandika. Laiti angenitukana.

Jumatatu, 29 Julai

Salala. Tumepiga hema mlimani, kila kitu kijani. Mundhir anasema manyunyu juu ya turubai yanambembeleza. Mimi naona turubai linatikisika tu.

Asubuhi nilimwendea Yaqdhan nimwombe vile vipira, na nimwombe radhi. Mdomo ukawa mzito. Nikaomba bisibisi. Akanipa bisibisi! Nikarudi nayo, nikakaa nayo mkononi, sina cha kufungua.

Thuraya alipiga simu. Sikushika hata nusu ya maneno yake. Nikampa Mundhir simu, nikasema mtandao mbovu. Mtandao mzima kabisa. Uongo wa pili katika siku mbili, na ndevu zangu hizi nyeupe!

Adhuhuri imekaribia. Wataniambia, Bu Haitham, tangulia utuswalishe. Nikikataa, wataniuliza kwa nini. Nikikubali — ni swala yao pia, si yangu peke yangu. Nitasema nina mafua. La! Nitasema kweli. Nitaanza na Yaqdhan, akija tu, kabla sijapata kisingizio kingine. Nitamwambia, shemeji, hamkunong'ona—

Nimeinua kichwa. Yaqdhan amesimama mlangoni mwa hema, amelowa chapachapa. Midomo yake inacheza. Sijui ameniita mara ngapi.