Sauti Ikikatika

5 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko kwenye ujenzi, juu ya winchi yako. Sisi huku hatujambo. Goti la Bibi linamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa ya kuwasema majirani linapona lenyewe.

Nakuandikia kwa sababu simu ya Bibi haina siri. Anaweka spika, ananiambia "haya, sema na baba yako," na nyumba nzima inatega sikio.

Baba, tangu shule ifunguliwe kuna kitu kinanipata. Nikifika mlangoni pa darasa kifua kinabana, mikono inalowa jasho, miguu inagoma. Siku nyingine nageuka nikajifungie chooni mpaka kipindi kiishe. Hakuna aliyenipiga wala kunionea. Hicho ndicho kinachonitisha zaidi, kwamba sina sababu ya kukupa. Silali vizuri, na chakula nakula ili Bibi asiniulize.

Shuleni amekuja mwalimu wa ushauri nasaha. Amepewa stoo ya zamani ya michezo, bado inanukia mipira. Ameweka viti viwili, vyote vinatazama dirishani, ili mtu asilazimike kumwangalia usoni anapoongea. Alinikuta chooni na hakunigombeza. Anataka niende kwake kila wiki, ila mzazi lazima akubali. Bibi anasema hilo ni lako. Naomba uniruhusu.

Mwanao,
Kasuku

19 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, ila upepo wa huku juu umenikausha mdomo kama kisigino. Mwambie Bibi goti alipake mafuta na majirani awape likizo.

Juzi tulichekesha watu. Unamkumbuka Mzee Kushoto, yule anayeniongoza kutoka chini kwa redio ya mkononi? Tulimpa jina hilo kwa sababu kila mara ni "kushoto kidogo, kushoto kidogo." Basi betri yake ilizima nikiwa nashusha ndoo ya zege. Nikasimamisha palepale, ndoo ikaning'inia hewani. Msimamizi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, nami sikugusa kitu. Hiyo ndiyo sheria yetu: sauti ikikatika, mzigo hausogei, hata kama unaona kila kitu kiko sawa.

Sasa hilo la mwalimu, mwanangu, hapana. Wewe una akili zako timamu. Ukianza kuingia chumba kile, kesho wenzako watakupa jina ambalo halitatoka. Na mambo ya nyumbani hayaanikwi kwa mtu baki. Tangu mama yako afariki tumeishi watatu na tumeweza. Lala mapema, kula, sali, usome. Litapita.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua nimeipata. Sawa.

Mwanao

20 Aprili

Kasuku,

Hujambo? Mimi sijambo. Barua yako ilikuwa fupi, nikageuza karatasi nikidhani umeandika nyuma. Mtihani ulikwendaje? Kuna fundi mwenzangu anakuja huko, nimempa sweta lako. Ukilipata niambie kama linakutosha, maana nimekisia tu.

Baba yako

17 Mei

Mwanangu mpenzi,

Sijui kama hujambo, na safari hii nauliza nikitaka kujua.

Fundi amerudi. Anasema ulipokea sweta, ukashukuru, ukaenda kukaa. Nikamuuliza, hakuongea? Akasema hapana, ni mtoto mpole sana. Mpole, Kasuku. Wewe uliyekuwa unajibu maswali niliyowauliza wengine.

Jana nilikuwa juu. Ukuta umeshapanda, ndoano siioni tena, namtegemea Mzee Kushoto kwa kila kitu. Miaka yote hii sijawahi kuona aibu kuongozwa naye, na wala si ndugu yangu. Ananiambia tu kile ambacho nikiwa pale nilipo siwezi kukiona. Nikakaa na wazo hilo mpaka Mzee akauliza kama nimelala. Kisha nikakumbuka barua yako ya mwisho. Sauti yako imekatika tangu Machi, na mimi nimeendelea kushusha mzigo.

Nimempigia mwalimu wako simu. Nimekubali. Aliniambia mapema kwamba utakayomwambia hatanisimulia, labda tu ukiwa hatarini. Nilinuna kidogo. Halafu nikaona hiyo ndiyo maana ya kwenda kwake. Wakikupa jina, waambie baba yako naye anaitwa Sokwe kwa kupanda juu, na bado anakula vizuri.

Sababu sitakudai tena. Naogopa, mwanangu, na nakupenda. Niandikie hata neno moja.

Baba yako

9 Juni

Baba mpenzi,

Shikamoo. Bibi hajambo, anakusalimu. Sweta linanibana mabegani, nimekua, lakini silivui.

Nimeshakwenda. Siku ya kwanza sikusema kitu. Mwalimu alikuwa anashona wavu wa mpira, nikamshikia upande mmoja, tukatazama dirishani mpaka kengele ikalia. Siku ya pili nililia. Juzi niliongea mpaka akasahau chai yake. Mengine siyaandiki, yako kule.

Sijapona, Baba, usije ukamtangazia Mzee Kushoto. Wiki iliyopita nilirudi chooni. Lakini leo nilifika mlangoni pa darasa, kifua kikabana kama kawaida. Mwalimu alikuwa mwisho wa varanda. Hakuniita wala hakunifuata, aliinua mkono tu nimwone. Nikasimama. Nikasimama sana, mwalimu wa hesabu akanyamaza kunisubiri.

Halafu nikasema kimoyomoyo, kushoto kidogo, maana dawati langu liko kushoto, nikaingia.

Hesabu zenyewe sikuelewa hata moja.

Mwanao,
Kasuku